Serikali Kuu na Watu Wasio na Makazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila zinapokuja mvua kubwa au baridi kali, picha za watu waliolala chini ya madaraja hurudi kwenye taarifa za habari, na maswali yaleyale hurudi pamoja nazo. Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi mirefu. Mengine yanamalizika kwa mistari michache.

Mtu asiye na makazi ni nani hasa? Si yule anayelala barabarani?

Huyo ni mmoja wao, na ndiye anayeonekana. Lakini yupo pia mama aliyehamia na watoto wake sebuleni kwa shemeji, ambaye kila alfajiri anakunja godoro kabla wenyeji hawajaamka ili asionekane mzigo. Yupo kijana anayelala ndani ya duka analolilinda. Yupo aliyetoka gerezani leo asubuhi na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, hajui jua likizama atakuwa wapi.

Huko Ulaya, shirikisho la mashirika yanayowahudumia watu hawa lilitoa mwaka 2005 mgawanyo wa makundi manne: asiye na paa kabisa, mwenye paa la muda tu, kama hosteli ya kulala au kituo cha hifadhi, anayeishi mahali anapoweza kutimuliwa wakati wowote, na anayeishi mahali pasipomfaa binadamu.

Usidhani haya ni mabishano ya wasomi. Serikali ikiamua kwamba asiye na makazi ni anayelala nje peke yake, yule mama wa sebuleni hatakuwemo kwenye bajeti wala kwenye mpango wowote. Na sebuleni ndiko wengi wanakopitia kabla ya kufika barabarani. Subira ya shemeji nayo ina mwisho.

Kwa nini iwe kazi ya serikali kuu? Manispaa zipo kwa ajili gani?

Manispaa ndiyo inayokutana na mtu uso kwa uso. Askari wake ndio wanaomwamsha, na ofisa wake wa ustawi wa jamii ndiye anayemtafutia kitanda. Lakini hesabu vitu vinavyoamua kama mtu atakuwa na pa kuishi, kisha uliza kila kimoja kinashikwa na nani. Riba ya mikopo inafuata uamuzi wa benki kuu. Kodi ya saruji na mabati iko hazina. Sheria ya ardhi na sheria ya wapangaji hutungwa bungeni. Kima cha chini cha mshahara, pensheni na bima ya afya ni mambo ya taifa. Hospitali kubwa, magereza, jeshi na makao ya watoto, yaani zile taasisi zinazomfungulia mtu lango na kumwambia nenda, mara nyingi zinaendeshwa kutoka makao makuu ya nchi. Manispaa inapokea matokeo ya maamuzi ambayo haikuyafanya.

Berlin ilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2020 mji huo, ambao pia ni jimbo, ulipitisha sheria ya kuzuia kodi za pango zisipande. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaifuta yote. Majaji hawakusema kwamba kuzuia pango ni kosa. Walisema bunge la shirikisho lilikwisha kutunga sheria ya pango, hivyo jimbo halikuwa na mamlaka. Wapangaji waliokuwa wamepumua kwa muda wakatakiwa kulipa tofauti ya miezi iliyopita.

Japani ipo upande wa pili. Huko sheria ya taifa ndiyo inayoweka aina za maeneo ya ujenzi, nazo ni 13. Manispaa inachagua aina ipi itumike wapi, lakini haiwezi kubuni vikwazo vyake vipya kila majirani wanaponung'unika. Mwenye kiwanja akifuata masharti, anajenga. Ndiyo sababu mojawapo ya Tokyo, pamoja na ukubwa wake wote, kuendelea kuongeza nyumba mwaka hadi mwaka.

Hata Vienna, ambayo husifiwa kama mji uliojitegemea, ni jimbo kamili ndani ya Austria na inapata mgao wa fedha za shirikisho. Sheria inayoongoza vyama vyake vya nyumba visivyotafuta faida ni ya nchi nzima.

Makazi ni haki au ni hisani?

Kwa sheria ya kimataifa ni haki. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linayataja katika kifungu cha 25, na Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966 katika kifungu cha 11. Mwaka 1991 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza nyumba inayostahili ni ipi: mtu awe na uhakika wa kutotimuliwa, awe na maji na huduma, gharama isimle chakula chake, nyumba ifae kukaliwa, ifikike hata na mlemavu, iwe mahali penye kazi na shule, na iheshimu utamaduni wa wakazi. Mambo saba. Paa peke yake halitoshi hata kidogo.

Kuandika haki ni kazi nyepesi kuliko kuitekeleza, na kisa cha Irene Grootboom wa Afrika Kusini kinaonyesha hivyo. Mwaka 1999 yeye na wenzake wapatao 900, zaidi ya nusu wakiwa watoto, walibomolewa vibanda vyao karibu na Cape Town na kuhamia kwenye uwanja wa michezo, wakijisitiri kwa maturubai. Wakaenda mahakamani wakishika kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka 1996. Oktoba 2000 Mahakama ya Katiba ikawapa ushindi: mpango wa serikali wa nyumba haukuwa wa busara kwa sababu haukumfikiria mtu aliye kwenye dhiki ya leo. Hukumu hiyo inasomwa vyuoni dunia nzima. Lakini mahakama haikuamuru mama huyu apewe nyumba, na alipofariki mwaka 2008 alikuwa bado anaishi kwenye kibanda.

Ufaransa ilijaribu kuziba pengo la namna hiyo. Desemba 2006 wanaharakati walipanga mahema ya watu wasio na makazi kando ya mfereji wa Saint-Martin, katikati ya Paris. Machi 2007 ikatangazwa sheria inayompa mtu aliyekosa makazi njia ya kwenda mbele ya kamati, kisha mahakamani, kuidai Serikali yenyewe, wala si meya. Katika eneo la Paris wengi bado wanasubiri miaka. Hata hivyo sasa yupo mtu wa kushtakiwa, na kwangu hiyo ni hatua kubwa.

Si kweli kwamba wengi wao ni walevi, wagonjwa wa akili au wavivu?

Nalipokea swali hili mara nyingi kuliko mengine yote, na nitalijibu bila kulikwepa.

Wapo wenye ulevi. Wapo wenye maradhi ya akili, na wengine waliyapata baada ya kulala nje, kwa kukosa usingizi na kuishi kwa hofu. Lakini kama ulevi ndio ungekuwa chanzo, mahali penye ulevi mwingi pangekuwa na watu wengi zaidi wanaolala nje. Angalia Marekani. West Virginia imekuwa miongoni mwa majimbo yenye vifo vingi zaidi vya dawa za kulevya, lakini kiwango chake cha watu wasio na makazi ni cha chini. California ina kiwango kikubwa sana. Tofauti iko kwenye pango: West Virginia hata mtu aliyeyumba anaweza kumudu chumba, California hata mwenye ajira anaweza kushindwa.

Kumbuka mchezo wa viti wa watoto. Watoto kumi, viti tisa, muziki ukikatika mmoja anabaki amesimama, na mara nyingi ni yule mwenye mguu unaouma. Ukiuliza kwa nini huyu, jibu ni mguu. Ukiuliza kwa nini kuna mtu amesimama, jibu ni viti. Sera ya taifa inahusu viti.

"Makazi Kwanza" ni nini?

Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa wa ngazi. Mtu aache pombe kwanza, ameze dawa, akae hosteli bila kugombana na mtu, apande ngazi moja baada ya nyingine, na juu kabisa ndipo apewe chumba. Wengi waliteleza katikati na kurudi barabarani. Mwaka 1992 huko New York mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliugeuza utaratibu huo: mpe mtu nyumba kwanza, bila masharti ya kuacha pombe, kisha umfuate na huduma akiwa ndani ya nyumba yake.

Kanada iliujaribu mtindo huu katika miji mitano kuanzia mwaka 2009, ikiwahusisha zaidi ya watu 2,000 wenye maradhi ya akili waliogawanywa kwa kura. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa wamekaa ndani muda wote. Kwa wale waliobaki kwenye utaratibu wa kawaida ilikuwa asilimia 31.

Ufini iliufanya kuwa sera ya taifa kuanzia mwaka 2008. Njoo tutazame jengo moja tu. Mtaa wa Alppikatu, Helsinki, Jeshi la Wokovu lilikuwa na hosteli ya vitanda vipatavyo 250: unalala na wageni, asubuhi unatoka. Ilifungwa, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena ikiwa na nyumba 81. Vitanda vilipungua, lakini kila aliyeingia alikuwa na mkataba wa pango kwa jina lake, ufunguo wake, jiko lake, na wahudumu ndani ya jengo. Mtu mwenye ufunguo anaweza kuacha dawa zake juu ya meza na kuzikuta jioni. Anaweza kupokea barua. Anaweza kulala hadi saa mbili akiwa mgonjwa bila kutikiswa bega na mtu.

Serikali kuu iliingiaje? Ilitia saini makubaliano na miji mikubwa, ikatoa fedha za ujenzi na sehemu ya mishahara ya wahudumu. Hata kabla ya hapo, tangu mwaka 1985, taasisi ya Y-Säätiö ilikuwa ikinunua nyumba mojamoja katika majengo ya kawaida kwa msaada wa ruzuku zilizotokana na michezo ya kubahatisha ya taifa, na kuwapangisha watu hawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ufini ilikuwa na watu zaidi ya 15,000 wasio na makazi. Kufikia mwaka 2023 walikuwa chini ya 4,000.

Basi serikali ijenge nyumba yenyewe?

Mara nyingi ndiyo, lakini neno "kujenga" linawadanganya wengi.

Singapore iliunda bodi ya nyumba mwaka 1960. Mwaka 1966 ikatunga sheria ya kutwaa ardhi kwa bei isiyopandishwa na walanguzi, na mwaka 1968 ikawaruhusu wafanyakazi kutumia akiba yao ya uzeeni kununua nyumba hizo. Leo karibu asilimia 80 ya wakazi wanaishi humo, kwa hati ya miaka 99. Ukiiga majengo ukaacha sheria ya ardhi, hutaiona Singapore.

Hong Kong ilianza kwa msiba. Usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto uliteketeza vibanda vya Shek Kip Mei na kuwaacha watu wapatao 53,000 bila makazi. Mpango mkubwa wa nyumba za umma ulizaliwa kwenye majivu hayo.

Afrika Kusini imekabidhi zaidi ya nyumba milioni 3 tangu mwaka 1994, kazi ambayo nchi chache zinaweza kujivunia. Nyingi zilijengwa pembezoni, palipokuwa na ardhi rahisi, na nauli ya kwenda kazini ikala kile ambacho nyumba ilikiokoa. Mexico nayo ilifadhili mitaa mizima mbali na miji, na maelfu kwa maelfu ya nyumba zikabaki tupu, madirisha yameng'olewa. Ukiniuliza mimi, jambo la kwanza kukagua katika mpango wowote wa ujenzi ni kituo cha basi, halafu ndipo ramani ya nyumba.

Tena nyumba zinaweza kujengwa zikapotea. Uingereza ilijenga nyumba za halmashauri kwa miongo mingi. Sheria ya mwaka 1980 ikawapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa. Kwa familia zilizonunua ilikuwa neema, na siwalaumu. Lakini England peke yake iliuza nyumba karibu milioni 2, na zilizojengwa kuziba pengo zilikuwa chache mno.

Mbona "nyumba za gharama nafuu" haziwafikii maskini?

Kwa sababu bei ya nyumba ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni riba.

Chukua mtu anayepata 100 kwa mwezi, fedha yoyote ile. Nyumba inauzwa 6,000, yaani mapato yake ya miezi 60. Akikopeshwa kiasi chote kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, atalipa karibu 40 kila mwezi. Ni mzigo, lakini anaweza kujikaza. Riba ikiwa asilimia 15, nyumba ileile, matofali yaleyale, atalipa 79. Atakula nini? Ndiyo maana waziri anaweza kukata utepe wa nyumba "nafuu" akiwa mkweli kabisa, na bado mlinzi anayelinda geti la mradi huo asiweze kuishi ndani yake.

Halafu kuna asiye na hati ya mshahara. Mama wa biashara ndogo anaweza kuwa analipa pango bila kukosa kwa miaka 15, lakini benki haimtambui. Serikali kuu inaweza kusaidia hapa kwa kuweka dhamana ya mikopo, kuanzisha kampuni ya kuyapa mabenki fedha za muda mrefu, au kujenga nyumba za kupangisha badala ya kuuza. Hilo la mwisho husahaulika kwa sababu halina sherehe ya kukabidhi hati, na ndilo linalowafaa wengi.

Kwa nini serikali isiwape watu ruzuku ya pango tu?

Inafanya kazi haraka pale ambapo nyumba zipo na kinachokosekana ni fedha. Pale ambapo nyumba ni chache, wenye nyumba hupandisha pango na ruzuku huishia mifukoni mwao. Tatizo jingine ni foleni: Marekani, familia takriban moja tu kati ya nne zinazostahili msaada wa pango ndiyo huupata, kwa kuwa bunge halijawahi kutenga fedha za kuwatosha wote.

Na kudhibiti pango?

Tenganisha mambo mawili. Kuzuia mwenye nyumba asipandishe ovyo wakati mpangaji yumo ndani humlinda mtu asing'olewe ghafla, na nchi nyingi zinafanya hivyo. Kugandisha pango zote kwa miaka mingi bila kujenga huwafanya wenye nyumba waache kukarabati, na anayetafuta chumba leo hakipati. La kwanza naliunga mkono, la pili silo.

Fedha zitoke wapi?

Vienna ilianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba mwaka 1923. Mwenye kasri alilipa kwa kiwango kikubwa, mwenye chumba alilipa kidogo sana, na mapato hayo yakachangia kujenga majengo kama Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa mwaka 1930 na linalokaliwa hadi leo.

Kenya ilichagua makato ya mshahara: kwa Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Toleo la awali lilibatilishwa na Mahakama Kuu Novemba 2023, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba liliwabana wenye ajira rasmi peke yao. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa popote makato ya aina hii yanapopendekezwa, wala swali la nyumba zikishakamilika zinakwenda kwa nani.

Kuna pia fedha ambazo zimekwisha kutoka na hatuzioni. Nchi nyingi huwasamehe kodi wenye mikopo ya nyumba, na mwenye nyumba kubwa ndiye anayesamehewa zaidi. Msamaha huo haupigiwi kelele bungeni kwa sababu haumo kwenye safu ya matumizi. Na anayelala nje anaigharimu serikali vilevile: kitanda cha dharura hospitalini, selo ya polisi, mahakama, kisha tena hospitalini.

Serikali ina haki ya kubomoa mitaa ya mabanda?

Yapo mazingira machache, kama bonde la mafuriko ambapo watu watakufa. Hata hapo kamati ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 1997 kwamba wakazi lazima washauriwe, wapewe taarifa mapema, wawe na njia ya kwenda mahakamani, na asiachwe mtu bila makazi. Tingatinga la alfajiri halitimizi hata sharti moja.

Zimbabwe ilifanya bomoabomoa ya nchi nzima kuanzia Mei 2005. Anna Tibaijuka, Mtanzania aliyekuwa akiongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, alitumwa kuchunguza. Ripoti yake ilikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki, au vyote viwili. Wengi walijenga tena vibanda mahali pengine, wakiwa maskini zaidi ya mwanzo.

Thailand ilichukua njia nyingine mwaka 2003. Serikali ilitoa mikopo na ruzuku ya miundombinu kwa vikundi vya wakazi wenyewe, nao wakajadiliana na wamiliki wa ardhi na kupanga upya mitaa yao palepale au jirani. Ni kazi ya mikutano mingi na inachosha, lakini mtoto habadilishi shule.

Kulala nje ni kosa la jinai?

Katika nchi nyingi bado, kwa jina la uzururaji. Sheria hizi nyingi barani Afrika ni urithi wa wakoloni. England ilikuwa na yake tangu mwaka 1824. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yanapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Marekani imekwenda kinyume: Juni 2024 Mahakama yake ya Juu iliiruhusu miji kuwaadhibu wanaolala hadharani hata pasipo na vitanda vya hifadhi.

Nalisema wazi: kumtoza faini mtu asiye na kitu, kisha kumfunga kwa kushindwa kuilipa, ni ukatili. Akitoka ana rekodi ya jinai, na mwenye nyumba wa kumpangisha anakuwa adimu zaidi.

Watu hawa wanahesabiwaje?

Vibaya, kwa kawaida. Marekani huchagua usiku mmoja wa Januari na kutuma watu wenye tochi na madaftari. Januari 2024 walipata watu 771,480, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hiyo ianze. Lakini mhesabuji akikuta blanketi limejikunja mlangoni mwa duka, amwamshe aulize au aandike "mmoja"? Je, kama ni mama na mtoto? Wanawake hujificha kwa kuogopa kubakwa, wengine hupanda basi la usiku wazunguke hadi kuche. Sensa ya taifa, inayotegemea kaya, huwapita kabisa. Hapa serikali kuu haina kisingizio. Tafsiri moja, fomu moja na hesabu ya mara kwa mara ni kazi isiyoweza kuachiwa kila wilaya ijipangie.

Kuna nchi iliyofanikiwa kweli?

Ufini ndiyo iliyokaribia, na hata huko idadi ilipanda tena mwaka 2024 baada ya kushuka kwa zaidi ya miaka kumi, mwaka uleule ambao serikali mpya ilipunguza posho za makazi.

Mfano unaonipa moyo zaidi uko mahali usipoutarajia. Wakati idadi ya jumla ikipanda Marekani, ile ya wanajeshi wa zamani ilishuka kutoka takriban 74,000 mwaka 2010 hadi chini ya 33,000 mwaka 2024. Ni nchi ileile, pango lilelile, na wengi wao wana majeraha ya vita na ulevi. Kilichobadilika ni kwamba wizara ya nyumba ilitoa ruzuku ya pango, wizara inayowahudumia wanajeshi hao ikatoa ofisa wa kumfuata kila mtu, na bunge likatoa fedha mwaka baada ya mwaka. Kila ninapoambiwa kwamba tatizo hili halina dawa, huwa nawataja hawa.

Nimepewa notisi ya kuhama. Serikali kuu inanihusu nini?

Inakuhusu sana, kwa sababu siku ulizopewa kwenye karatasi hiyo zimetoka kwenye sheria, na hapo ndipo kumsaidia mtu kunagharimu kidogo kuliko atakapokuwa nje tayari. England, kwa sheria ya mwaka 2017, halmashauri inapaswa kuanza kukusaidia ukiwa umebakiza siku 56 kabla ya kukosa makazi, bila kusubiri ukae barabarani na mabegi. Ufaransa hairuhusu kuwatoa wapangaji kati ya Novemba 1 na Machi 31, isipokuwa kwa sababu chache.

Popote ulipo, usihame kwa maneno ya mdomo. Soma notisi ina siku ngapi na imetaja sababu gani, kisha ulinganishe na mkataba wako na sheria ya wapangaji. Katika nchi nyingi mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya mahakama au baraza. Kubadilisha kitasa, kung'oa mlango au kukata maji huwa ni kosa lake. Kusanya risiti na ujumbe wote wa simu wa malipo. Kama una malimbikizo, andika barua ya kupendekeza namna ya kulipa kidogo kidogo na ubaki na nakala. Nenda kwa msaada wa kisheria na kwa ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, ukiwa bado una anwani ya kujaza kwenye fomu.